Nungunungu Mtaka Taka

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa pakavu!

Pakawa pabichi!

Basi sogeeni, wa nyuma waje mbele, mwenye mtoto amweke begani, niwape ngano.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na nyua kama sisi, alikuwako Kanga. Kanga huyu alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza aliitwa Madoa, wa pili aliitwa Vidoa, na wa mwisho, mdogo kuliko wote, aliitwa Kidoa.

Siku hizo Kanga hakuwa kama mnavyomwona leo. Kichwa chake kilikuwa na manyoya mengi, meusi, laini. Shingo yake ilikuwa na manyoya. Mbawa zake zilikuwa ndefu, na akiruka alifika mpaka kilele cha mgunga uliokuwa nyuma ya nyumba yake. Huko juu ndiko alikolala na wanawe, amewafunika kwa mbawa, kwa maana chini alipita Pakamwitu, na Pakamwitu hajui mtoto wa jirani.

Nchi yao ilikuwa nchi ya jua. Jua lilichomoza likiwa tayari kali. Udongo wake ulikuwa kichanga cheupe. Ukimwaga maji, yalizama kabla hujaweka ndoo chini.

Kanga alikuwa mpole, mwenye haya, asiyependa maneno. Lakini alikuwa na sifa moja iliyojulikana mpaka ng'ambo ya mto. Sifa hiyo ilikuwa usafi. Alfajiri, jogoo hajamaliza kuwika, Kanga ameshashika ufagio wake wa chelewa, anafagia na kuimba:

Fagia we, fagia, uwanja ung'ae,
Apitaye njiani asimame ashangae.

Alifagia majani yaliyoanguka kwenye mgunga. Alifagia maganda ya viazi. Alifagia majivu ya jikoni. Alifagia mavi ya Mbuzi, kwa sababu Mbuzi alikuwa akikatiza hapo kila siku bila hodi. Na akimkuta Jongoo amejikunja kwenye kijiti, hakumgusa. Alifanya kama alivyofundishwa na mama yake, kwamba jongoo hutupwa na mti wake. Alinyanyua kijiti, Jongoo juu yake, akakitia pamoja na taka.

Maji ya kuoshea vyombo aliyamwaga mbali, njiani kabisa, yasije yakatia doa uwanja.

Kuku alipopita alisema, "Shoga, uwanja huu mtu aweza kula ugali chini bila sahani!"

Kanga aliinamisha kichwa kwa haya. Lakini moyoni alifurahi.

Sasa, kulikuwa na jirani, jina lake Nungunungu. Kila asubuhi alipita na kapu mgongoni. Kapu lenyewe halikuhitaji kamba. Lilinasa kwenye miiba yake.

"Hodi, Mama Madoa!"

"Karibu, jirani. Unataka nini?"

"Nataka taka."

"Unataka nini?"

"Nataka taka! Hizo taka zako ulizokusanya. Hujui kwamba taka zikilala uwanjani zinaleta nuksi? Lakini mimi mwili wangu ni miiba mitupu. Hiyo nuksi itakaa wapi? Nipe nikakutupie."

"Jamani, jirani mwema! Mungu akuongezee."

"Ameshaanza," alisema Nungunungu, akaondoka na kapu limejaa.

Ikawa ndivyo kila siku. Kanga anafagia, Nungunungu anataka taka, taka zinakwenda.

Ukaja mwaka mmoja wa joto kuliko miaka mingine. Unga ulikuwepo, lakini mboga haikuwepo. Watoto walikula ugali mkavu kwa chumvi mpaka pembe za midomo zikapasuka. Kidoa, yule mdogo, hakuota manyoya. Alikaa kivulini, hachezi.

Kanga akasema, "Nitapanda mchicha hapa hapa nyumbani."

Akapanda mara ya kwanza. Alitupa mbegu kwenye uwanja wake safi, akamwagia maji. Mchicha ukaota siku ya tano. Siku ya nane ukakauka.

Akaenda kwa Nungunungu. Shamba la Nungunungu lilizungushiwa ua wa michongoma, hakuna aliyeingia. Lakini kwa juu ya ua mchicha ulionekana, mpana, mweusi kwa ubichi.

"Jirani, mbona kwako kunastawi na kwangu kunakauka, nasi tuna jua moja?"

"Mkono, Mama Madoa," alisema Nungunungu. "Mimi mkono wangu una baraka. Wako hauna. Usilie, ndivyo ulivyoumbwa."

Kanga akaamini. Mtu mwenye haya akiambiwa kosa ni lake, huamini upesi.

"Basi niuzie fungu moja, wanangu wale."

"Nipe manyoya ya kichwani."

"Ya nini?"

"Nashona mto. Mke wangu amehamia jikoni. Anasema kulala na mimi ni kama kulala juu ya ua wa michongoma."

Kanga akang'oa manyoya ya kichwa, akapata mboga, watoto wakala. Kidoa akacheza. Siku chache tu, mboga ikaisha.

Akapanda mara ya pili. Safari hii alisema, "Nitamwagia maji mengi zaidi." Akachota maji mchana, jua la utosini, akamwagia. Maji yakachemka juu ya majani. Mchicha ukababuka, ukakauka.

Akaenda kwa Nungunungu.

"Mto wangu umetimia," alisema Nungunungu, "sasa nashona wa mke wangu. Nipe manyoya ya shingo."

Kanga akang'oa manyoya ya shingo, akapata mboga, watoto wakala. Siku chache tu, mboga ikaisha.

Akapanda mara ya tatu. Alikumbuka kwamba kwao, kwa mama yake, mlimani kwenye mvua, walipanda kwenye tuta refu. Akainua tuta refu la kichanga. Upepo ukapita juu, jua likapita kando, tuta likakauka upande huu na upande huu. Safari hii mchicha haukuota kabisa.

Akaenda kwa Nungunungu.

"Mito tunayo," alisema Nungunungu, "sasa nashona godoro. Nipe manyoya ya mbawa."

Kanga akarudi nyuma. "Ya mbawa siwezi, jirani. Mbawa hizi ndizo nyumba ya wanangu. Nikizing'oa nitawapandishaje mtini? Nitawafunika na nini? Pakamwitu anapita pale kila jioni."

"Na mboga hii ndiyo chakula chao. Nenda ukafikiri. Mimi nipo, mchicha upo."

Kanga akarudi nyumbani mikono mitupu.

Kesho yake alfajiri akafagia, lakini hakuimba. Machozi yalidondoka, akayafagia nayo. Akafika chini ya mgunga, akamkuta Jongoo juu ya kijiti. Akanyanyua kijiti amtupe.

"Hebu ngoja kwanza, mama!" Jongoo akasema. "Mara ya tatu hii!"

Kanga nusura aangushe kijiti. "Mara ya tatu ya nini?"

"Ya kunitupa mimi na mti wangu! Mara ya kwanza ulinitupa, nikarudi kwa miguu, siku tisa. Mara ya pili ulinitupa, nikarudi kwa miguu, siku tisa. Miguu yangu inauma yote, na unaiona ilivyo mingi."

"Nisamehe," alisema Kanga. "Lakini kwa nini unarudi?"

"Nilizaliwa chini ya mgunga huu. Mtu kwao. Sasa nami nikuulize. Unajua tukitupwa tunakwenda wapi?"

"Taka zangu Nungunungu anazitupa mbali, zisiniletee nuksi."

Jongoo akacheka mpaka akajikunja. Akajikunjua, akasema, "Anazitupa shambani kwake! Nimezikwa huko mara mbili, mama, nimeona kwa macho yangu. Majani ya mgunga wako yako kule. Maganda yako yako kule. Majivu yako na mavi ya Mbuzi yote yako kule, yamefukiwa, yameoza, yamekuwa udongo mweusi. Na juu yake umesimama mchicha. Ule unaolipia manyoya umeota juu ya taka zako."

Kanga akakaa chini. Akajishika kichwa. Kichwa hakikuwa na kitu.

"Kwa hiyo mkono wake wenye baraka..."

"Mkono gani? Kapu!"

Kanga akasogeza kijiti karibu na uso. Halafu akauliza, "Na mimi nifanye nini?"

"Kwanza uniweke chini."

Akamweka chini, taratibu.

"Chimba shimo," alisema Jongoo, "pana kama kitanda, lenye kina cha mguu wako. Usiinue tuta. Huku kwetu kitanda cha mboga hulala ndani ya ardhi, maji yasikimbie. Tia taka zako zote humo. Tia majani, na mavi ya Mbuzi, na majivu kidogo tu. Mwagia maji ya vyombo, halafu funika kwa nyasi. Mimi nitaingia, nitakwambia siku ya kupanda."

Alikuwa bado anasema, sauti ikasikika mlangoni.

"Hodi, Mama Madoa! Nataka taka!"

Kanga akaficha uso. Lakini akajibu, "Jirani, leo hata mimi nataka taka."

"Unataka nini?"

"Nataka taka. Taka zangu."

"Nuksi italala kwako!"

"Na ilale. Nitaifunika kwa nyasi."

Nungunungu akatikisa miiba, chwa chwa chwa, akaondoka na kapu tupu.

Kanga akachimba. Kichanga kilikuwa kigumu chini, akachimba kwa kucha siku nzima. Akatia majani, akatia maganda, akatia mavi ya Mbuzi. Mbuzi alipopita safari hii Kanga alimwambia, "Karibu, Mama, pita polepole."

Siku ya saba Jongoo akaingia shimoni, akatoka mbio, kwa mbio za jongoo. "Bado! Shimo lina homa. Ukipanda leo mizizi itaungua."

Kuku na Bata wakapita njiani. Kuku akashika kiuno. "Shoga! Siku hizi unafuga taka?"

Bata akasema, "Mwache. Kipara kimeingia mpaka kwenye akili."

Wakacheka, wakaenda zao. Kanga aliona aibu. Akatazama ufagio. Uwanja wake uliosifiwa mpaka ng'ambo ya mto sasa ulikuwa na rundo katikati, juu ya lile shimo, na nzi wawili. Alitaka kulifagia lote litoke. Lakini alimtazama Kidoa, akauacha ufagio.

Siku ya kumi na nne Jongoo akaingia shimoni, akatoka. "Bado. Homa inashuka, lakini ipo."

Nungunungu akapita na fungu la mchicha, akalinyanyua juu watoto walione. Madoa akalia. Vidoa akalia. Kidoa hakulia. Hakuwa na nguvu za kulia.

"Mbawa, Mama Madoa," alisema Nungunungu. "Au nipe lile rundo, nikupe mafungu mawili."

Kanga akatazama rundo. Akamtazama Kidoa. Rundo lilikuwa mboga ya kesho, na Kidoa alikuwa wa leo.

Akashika mbawa zake mwenyewe, akang'oa manyoya marefu, nusu. Nusu akabakiza. Akampa Nungunungu, akachukua fungu, akapika, akamlisha Kidoa kwanza.

Jioni ile akajaribu kuruka mpaka kileleni. Hakufika. Alifika tawi la chini tu, na wanawe. Pakamwitu akaja, akakaa chini ya mgunga, akapima kwa macho. Akaruka mara moja, kucha zikakosa kwa urefu wa kidole. Akaondoka. Lakini Kanga alijua kwamba nusu iliyobaki ikienda, watoto wataliwa.

Siku ya ishirini na moja Jongoo akaingia shimoni. Akakaa. Akakaa. Kanga akadhani amekufa.

Jongoo akatoa kichwa, anatafuna. "Homa imeisha. Mbona hata mimi nimesahau kutoka! Panda."

Kanga akafunua nyasi. Chini yake taka hazikuwepo. Palikuwa na udongo mweusi, mwororo, unaonuka kama mvua ya kwanza. Akauchanganya na kichanga, akapanda mchicha, akapanda na nyanya pembeni. Alikuwa na mtungi wenye ufa aliotaka kuutupa. Akaufukia katikati, mdomo nje, akaujaza maji. Mtungi ukawa unalia kidogo kidogo chini kwa chini, mizizi inakunywa. Akasimamisha vijiti vinne, akaezeka kwa majani makavu, jua la mchana lisipige miche. Akatandaza nyasi juu ya udongo. Na maji alimwagia asubuhi na jioni, si mchana tena.

Siku ya nne Madoa akapiga kelele, "Mama! Kuna kijani!"

Haukukauka siku ya nane. Haukukauka siku ya kumi. Wiki ya tatu Kanga akachuma majani ya chini, akaacha kichwa ili mche ukue tena. Akapika. Watoto wakala. Kesho akachuma tena. Kidoa pembe za midomo zikafunga, akaota manyoya, yenye madoa mengi kuliko ya kaka zake. Kisha akaanza utundu, mama yake akaanza kumkemea, na kumkemea kwenyewe kulikuwa raha.

Je, kwa Nungunungu?

Kule kapu lilikuwa tupu. Wiki moja, wiki mbili, wiki tatu. Udongo mweusi ukaliwa na mchicha, ukaisha, kikabaki kichanga. Mchicha ukawa wa njano, kisha ukalala. Mke wa Nungunungu akasema, "Godoro tunalo. Sasa tupike godoro?"

Nungunungu akaja mlangoni kwa Kanga. Siku hiyo hodi yake ilikuwa ndogo.

"Hodi, Mama Madoa."

"Karibu, jirani. Unataka nini?"

"Nataka mboga. Tazama, nimekurudishia manyoya yako yote."

Akamwaga manyoya chini. Kanga akayaokota, akayaweka kichwani. Yakaanguka. Akayaweka shingoni. Yakaanguka. Akayaweka kwenye mbawa. Upepo ukayachukua.

"Kilichong'olewa hakirudi," alisema Kanga. "Lakini mboga nitakupa. Nataka taka."

"Unataka nini?"

"Nataka taka. Za nyumbani kwako. Kapu moja la taka, fungu moja la mboga."

Nungunungu akatazama njiani. Kuku alikuwepo. Bata alikuwepo. Walikuwa wamekuja kuomba mbegu, na walisikia yote.

"Mimi? Nipite njiani mchana kweupe na taka zangu, watu wananiona?"

"Kwani za kwangu ulipitaje nazo?"

Kuku akacheka mpaka akataga. Bata akasema, "Jirani mwema, na mkono wako wenye baraka umeuacha wapi?"

Nungunungu akateremsha kapu, akaliacha pale pale, akaenda na miiba yake. Tangu siku hiyo hapandi tena. Huvizia mashamba ya watu gizani, akachimba mihogo na viazi, na kukikucha hujificha shimoni kwa aibu.

Na Kanga? Mwangalieni. Kichwa chake hakina manyoya, shingo yake haina manyoya. Akifukuzwa hukimbia kwanza, kuruka ni baadaye, kwa sababu mbawa zilibaki nusu. Na kutwa nzima anachakura majani yaliyooza, maana anajua kilichomo.

Bado anafagia. Bado anaimba. Akimkuta Jongoo kwenye kijiti, bado anamtupa na mti wake, kama alivyofundishwa na mama yake. Ila sasa anamtupa shimoni, na huko ndiko nyumbani.

Wanangu, ngano hii inatufundisha kwamba mtu asikimbilie kulaumu mkono wake kabla hajajua kilichomtoka uani kwake. Usidharau unachokitupa, huenda ndicho kinachomnenepesha jirani. Na ukisahau yote, shika hili moja: ukitaka, usitupe taka.

Ngano yangu nimeiacha hapa kando ya shimo. Iliyo tamu chumeni, mkapike nyumbani kwenu. Iliyo chungu niachieni mimi, niifukie, ioze, iote nyingine.